Paa, Hari na Afya: Kwa Nini Rangi ya Bati Ni Jambo la Kuuliza Kabla ya Kupaua

Anayekwenda kununua mabati Mwanakwerekwe, hapa Unguja, huwa na maswali matatu: geji (yaani unene wa bati), bei na rangi. Geji keshaambiwa na fundi, bei ataibembeleza mpaka ishuke, na rangi ataichagua kwa jicho lake mwenyewe. Maruni inapendeza na ukuta wa krimu. Kijani kina heshima yake. Nyeusi ndiyo inayokwenda na nyumba za siku hizi. Swali la nne haliulizwi, na hilo ndilo litakaloamua watu watashinda vipi humo ndani kwa miaka 20 ijayo: bati hili likipigwa na jua la saa saba mchana litapata moto kiasi gani, na moto huo utakwenda wapi?

Jibu linawagusa zaidi wasiokwenda dukani. Mwenye nyumba anaondoka asubuhi kwenda kazini, watoto wanakwenda skuli. Wanaobaki chini ya paa kutwa nzima ni mama mwenye kichanga, mjamzito, bibi mwenye presha, mgonjwa aliyelala. Ninaandika kwa ajili yao, kwa sababu sehemu kubwa ya hari inayowatesa inazuilika kwa fedha ndogo, na kinachokwamisha mara nyingi ni kutojua tu.

Jua letu linatoka juu

Unguja iko nyuzi 6 hivi kusini ya ikweta, Pemba nyuzi 5. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na wiki ya pili ya Oktoba, jua la adhuhuri linasimama utosini na kivuli cha mtu kinajikusanya miguuni. Hata mwezi wa Juni, linapokuwa limeinama kuliko wakati mwingine wowote, adhuhuri bado liko nyuzi 60 juu ya upeo wa macho. Maana yake kwa nyumba zetu ni kwamba mzigo mkubwa wa jua unabebwa na paa. Ukuta unapata sehemu yake asubuhi na jioni, lakini katikati ya mchana paa ndilo lililo mbele ya jua.

Mzigo huo una kipimo. Jua kali la mchana usio na mawingu linamwaga kiasi cha wati 1,000 katika kila mita moja ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 4 kina mita 12 za mraba za paa, kwa hiyo kinapokea wati 12,000. Bati la rangi iliyokoza, kama nyeusi au maruni, linaweza kumeza asilimia 80 ya jua hilo, yaani wati 9,600. Bati lililopakwa rangi nyeupe safi linarudisha asilimia 80 na kumeza wati 2,400 tu. Tofauti ya mapaa hayo mawili, juu ya chumba kimoja, ni wati 7,200: ni pasi saba za umeme zimewashwa na kuwekwa juu ya kenchi. Moto wote huo hauingii ndani, maana upepo unachukua sehemu na nyingine inarudi angani. Lakini bati la kawaida lina unene usiofika hata nusu milimita, na hakuna kitu ndani yake cha kuzuia joto lisipite. Upande wa juu ukifika nyuzi 60, upande wa chini nao uko hapo hapo.

Kutoka hapo joto linashuka kwa njia mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: hewa iliyogusana na bati inapata moto. Hewa ya moto ni nyepesi, inabaki juu, ikikosa pa kutokea inajaa mpaka chumba kinakuwa na tabaka la fukuto kuanzia usawa wa dirisha kwenda juu. Ya pili haionekani, nayo ndiyo inayochosha zaidi. Bati la moto linatoa mnururisho, joto linalosafiri bila kuhitaji hewa, likamtua mtu moja kwa moja utosini, mabegani, na juu ya kitanda. Ndiyo maana kipimajoto cha ukutani kinaweza kusema nyuzi 33 na mtu aliyekaa chini ya bati lisilo na dari akahisi yuko kwenye hari kali zaidi ya hiyo, na akawa hakosei. Kipimajoto kinapima hewa. Mwili unapokea hewa na bati pamoja.

Ingia kwenye chumba cha namna hiyo Chumbuni au Jang'ombe mwezi wa Februari, upepo wa kaskazi umetulia, saa nane mchana. Kitu cha kwanza ni sauti: bati linalia tik, tik, kila wingu linapopita na kuondoka. Karatasi ya chuma ya mita 3 ikipanda joto kwa nyuzi 35 inarefuka kwa zaidi ya milimita moja, kisha inarudi, na misumari ndiyo inayovutana nayo. Tundu la msumari linapanuka kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, na masika ikija ndipo mwenye nyumba anapoweka ndoo sebuleni. Watu wenyewe hawamo chumbani. Mkeka umetandikwa kwenye baraza ya upande wa kivuli, kichanga kimelazwa na kanga nyepesi, shingo imejaa harara iliyopakwa poda, na mama anampepea huku mkono wa pili ukichagua mchele. Ndani kuna feni, lakini pangaboi chini ya bati lisilo na dari linaishusha hewa ya juu, ile iliyopata moto, kwa aliyelala kitandani.

Kung'aa si kupoa

Hapa ndipo penye fundo la jambo zima, na hata mafundi wazuri hukosea. Wengi wanaamini kuwa bati jipya la zinki, lile linalong'aa hata likaumiza macho, ndilo linalopoza nyumba kuliko yote, kwa hoja kwamba linarudisha mwanga. Ni kweli linarudisha mwanga. Hata hivyo liguse saa saba mchana utaona halishikiki.

Sababu ni kwamba uso wa paa una tabia mbili, na kila moja inajitegemea. Tabia ya kwanza ni kiasi gani cha jua linarudisha. Ya pili ni kwa wepesi gani linaachia joto lile dogo au kubwa ambalo limekwisha kulimeza, kwa njia ya mnururisho kwenda angani. Chuma kitupu kinachong'aa kinafanya vizuri kwenye la kwanza na vibaya sana kwenye la pili. Kinameza kidogo lakini kinakishikilia, na joto linapanda saa baada ya saa. Rangi, iwe nyeupe au nyeusi, inaachia joto kwa wepesi. Nyeusi inaponzwa na kumeza mno. Rangi nyeupe ina tabia zote mbili nzuri kwa pamoja: inarudisha sehemu kubwa ya jua na hicho kidogo ilichomeza inakitoa haraka. Paa jeupe lililo safi hubaki nyuzi chache tu juu ya joto la hewa, wakati bati la rangi iliyokoza kwenye jua hilo hilo hupita nyuzi 60. Pengo la nyuzi 20 hadi 30 kati ya mapaa mawili yaliyo jirani ni la kawaida adhuhuri.

Kisha mng'aro wenyewe haudumu. Zinki inafifia na kuwa kijivu baada ya misimu michache, na kwa nyumba za pwani, chumvi ya bahari haicheleweshi kutu. Bati lenye kutu ya kahawia limepoteza tabia ya kwanza iliyokuwa ikilisaidia. Kwa hiyo nyumba ya mtu ya miaka 10 kule Nungwi au Wete inaweza kuwa na hari zaidi kuliko ilipokuwa mpya bila ukuta kubadilika wala mti kukatwa.

Mng'aro una mahali pake, napo ni upande wa chini. Karatasi ya alumini inayowekwa chini ya bati, ikiachiwa nafasi ya hewa na uso wake unaong'aa ukiangalia chini, inazuia mnururisho usimfikie mtu, kwa sababu ile ile ya kuwa haiachii joto upesi. Tabia iliyokuwa mbaya juu ya paa inageuka kuwa nzuri chini yake.

Mwili unahangaika vipi

Mtu aliyekaa tu, hafanyi kazi yoyote, mwili wake unazalisha kama wati 100 za joto. Joto hilo lazima litoke, la sivyo nyuzi 37 za ndani zitapanda. Ngozi huwa na nyuzi 34 au 35, na kwenye chumba cha kawaida inatoa sehemu kubwa ya joto lake kwa mnururisho, kwenda kwenye kuta na dari ambazo ni za baridi kuliko yenyewe. Weka bati la nyuzi 60 juu yake na mlango huo unageuka: badala ya mwili kuitolea dari joto, dari inautolea mwili.

Kinachobaki ni jasho. Lita moja ya jasho ikikauka yote kwenye ngozi inaondoa kilojuli 2,400 hivi, sawasawa na joto ambalo mwili uliopumzika unalizalisha kwa zaidi ya saa 6. Ni silaha kubwa. Lakini jasho linapoza pale linapokauka. Linalochuruzika hadi kwenye godoro halikusaidia kitu, limekupotezea maji na chumvi tu. Na hewa ya visiwani kwetu ina unyevu mwingi, hasa kaskazi inapoelekea masika, kwa hiyo jasho linakauka kwa shida. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani waliwapima vijana wenye afya na kuona kwamba kwenye unyevu mkubwa mwili unaanza kushindwa kudhibiti joto mapema kuliko ilivyodhaniwa kwa muda mrefu. Ikiwa hivyo kwa vijana, mzee wa miaka 75 hana nafasi kubwa ya kuchezea.

Moyo ndio unaolipa. Ili kupeleka joto kwenye ngozi, damu nyingi lazima isukumwe huko, mishipa ya juu inafunguka, presha inashuka, na moyo unaongeza mapigo. Kwa mwenye moyo dhaifu hiyo ni kazi ngumu aliyopewa akiwa amelala. Baadhi ya dawa za presha zinaongeza mkojo, na mtu anayezitumia anaweza kupungukiwa maji upesi zaidi siku za joto. Hilo ni la kumwambia daktari, wala si la kujiamulia kuacha vidonge. Figo zinaumia mtu anaposhinda na kiu siku baada ya siku. Kwa wenye selimundu, na hao si wachache katika nchi yetu, upungufu wa maji ni moja ya mambo yanayoweza kuamsha maumivu makali. Tafiti za nchi nyingi zimeonesha kuwa joto kali linaambatana na kuzaa kabla ya wakati na kuzaa mtoto mfu. Kichanga naye hawezi kuhama mwenyewe wala kusema ana kiu. Aliye chini ya miezi sita hahitaji kupewa maji, anahitaji kunyonyeshwa mara nyingi zaidi, na mama yake ndiye wa kunywa maji.

Kuna jambo dogo linalosahaulika. Insulini iliyokwisha kufunguliwa haitakiwi kukaa kwenye joto la kupita nyuzi 30 au hata 25, kulingana na aina yake, na ile ambayo haijafunguliwa inakaa nyuzi 2 hadi 8. Kabati lililoegemea ukuta chini ya bati lisilo na dari linapita kipimo hicho karibu kila siku ya kaskazi. Mgonjwa wa kisukari anaweza kuwa anajidunga kwa uaminifu dawa ambayo chumba chake kimeshaipunguzia nguvu.

Na usingizi. Hapa bati na zege vinatofautiana. Bati jembamba linapoa haraka jua likizama. Kinachobaki na moto ni kuta za matofali zilizokunywa joto la mchana. Paa la zege lina hadithi nyingine: linapata moto polepole, linauhifadhi, na kuutoa usiku. Anayeishi ghorofa ya juu kabisa ya majumba kama yale ya Michenzani, yaliyojengwa kuanzia miaka ya 1970 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, analijua vizuri joto la saa nne usiku linaloshuka kutoka kwenye dari wakati nje kumeshapoa. Jirani yake wa ghorofa ya kwanza halijui. Kwa paa la zege, weupe unafanya kazi mchana na faida inaonekana usiku, kwa kuwa joto ambalo halikuingia kwenye zege halitakuja kutoka saa nne.

Usingizi ukiharibika, chandarua kinaachwa. Mtu aliyezidiwa na hari anakipandisha, au anachukua mkeka akalale nje, na mbu wanaoambukiza malaria wapo wanaouma nje. Zanzibar imefanya kazi kubwa mpaka kiwango cha malaria kimekaa chini ya asilimia 1 kwa miaka mingi, na chumba kinacholalika ni sehemu ya kuilinda kazi hiyo. Nalisema hili nikijua kuna upande wa pili: utafiti uliofanywa Gambia na kuchapishwa mwaka 2019 ulionesha kwamba mbu wanakufa zaidi ndani ya nyumba za bati kuliko za nyasi kwa sababu ya joto la mchana. Wapo wanaoweza kuuliza kama kupoza paa si kuwaokoa mbu. Kwangu mimi jibu ni wavu wa dirisha na chandarua. Haiwezekani kuwaacha watoto kwenye moto ili mbu nao waungue.

Ushahidi umefika wapi

Kwamba paa jeupe linapunguza joto la ndani, hilo limepimwa mara nyingi na halina ubishi mkubwa. Kwenye nyumba za bati zisizo na dari, hewa ya ndani hupungua kwa nyuzi 1 hadi 3 wakati wa mchana, na pengine zaidi. Namba hiyo inaweza kuonekana ndogo. Kumbuka lakini kwamba hiyo ni hewa peke yake. Mnururisho kutoka juu nao umepungua, na huo ndio mtu anaousikia kwanza.

Afya inapimwa kwa uangalifu zaidi, kwa sababu mtu ana mambo mengi yanayomgusa kwa siku. Burkina Faso, katika eneo la Nouna, watafiti waliandaa jaribio la kaya 600 za vijijini, baadhi zikipakwa paa na nyingine zikisubiri, na kipimo kikuu walichokichagua ni mapigo ya moyo. Wamechagua vizuri: moyo ndio unaobeba mzigo kabla mtu hajaugua. India, jiji la Ahmedabad lilipoteza zaidi ya watu 1,300 kwa wimbi la joto la Mei 2010, likatunga mpango wa kukabili joto mwaka 2013, na mwaka 2017 likaanza kupaka chokaa na rangi nyeupe kwenye mapaa ya mitaa ya watu wa kipato cha chini.

Ila tusiyabebe matokeo ya Ahmedabad na Burkina Faso tukayatua Unguja jinsi yalivyo. Kule kunakuwa na hewa kavu, joto la nyuzi 40 na zaidi, na anga safi usiku ambalo paa linaweza kulitolea joto. Kwetu hewa haipiti sana nyuzi 33, unyevu ni mzito, na anga lenye mvuke na mawingu halichukui joto la paa kwa wepesi ule. Paa jeupe litapunguza jua linaloingia. Unyevu haliwezi kuuondoa. Tena hewa ile ile yenye mvuke ule ule ikipoa kidogo, inahisi kuwa na unyevu zaidi. Kwa hiyo hapa paa jeupe bila njia ya upepo ni nusu ya kazi. Dirisha moja halitoshi, hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea, na chini ya kofia ya paa panatakiwa matundu ya kutolea fukuto, yenye wavu wa kuzuia popo na mbu.

Mji Mkongwe unatufundisha kitu hapa, ingawa si kila kitu cha kuigwa. Kuta nene za mawe ya matumbawe, chokaa nyeupe juu yake, ua wa katikati ya nyumba unaovuta hewa, vichochoro vinavyojipa kivuli: wajenzi wale walielewa jua. Lakini nyumba ya namna hiyo ni gharama ambayo kijana anayejenga Fuoni hawezi kuibeba. Makuti nayo yanapoza vizuri sana, kwa sababu ni manene, yana hewa katikati na yanapumua. Yanashika moto kirahisi na yanataka kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Hoteli za mwambao zinaezeka makuti na kumlaza mgeni kwenye ubaridi, na mfanyakazi anayemtandikia kitanda anarudi jioni kwenye chumba cha bati. Sioni sababu ya ubaridi kuwa wa mgeni peke yake, hasa wakati ndoo ya rangi nyeupe inaweza kuusogeza upande wa pili wa barabara.

Umeme nao usitufanye tujisahau. Feni inasaidia kwa joto letu, na asiyekuwa nayo ainunue akiweza. Lakini umeme wa Unguja unatoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kizima kilikaa bila umeme huo, miezi ile ile ya kaskazi. Waya mwingine ulilazwa mwaka 2013, na Pemba imeungwa na Tanga tangu 2010. Hata hivyo uniti za Tukuza, umeme wa kulipia kabla, zinakwisha usiku wa manane kwa wengi, na kiyoyozi kiko mbali kabisa na kipato cha kawaida. Paa jeupe halihitaji uniti.

Kupaka kwenyewe

Kwa anayejenga sasa kwa bati la rangi, hakuna gharama ya ziada: chagua bati la rangi ya mwanga zaidi katika geji unayoitaka. Nyeupe kwanza, krimu baada yake. Maruni, kijani kibichi na nyeusi waachie wengine, au vitumie kwenye mageti.

Kwa aliyekwisha kupaua, kazi ni ya rangi ya maji ya nje, nyeupe, ya kampuni yoyote yenye kushika vizuri. Zipo rangi maalumu za mapaa zinazorudisha jua zaidi na zinazovutika bati linaporefuka. Ni nzuri, ni ghali, na zisipopatikana rangi nyeupe ya kawaida ya nje inaleta sehemu kubwa ya faida. Kinachoharibu kazi ni haraka. Bati lioshwe mafuta na chumvi, kutu isuguliwe kwa brashi ya waya, zinki mpya ipakwe praima yake kwanza, kisha mikono miwili ya rangi. Bila praima utaiona inabanduka magamba baada ya masika moja. Ikiwa paa ni la zamani la saruji yenye asbesto, usilisugue likiwa kavu. Vumbi lake linaua mapafu.

Chokaa ni swali linaloulizwa kila mara, na jibu linategemea paa. Kwenye zege na mawe inafaa sana na ni rahisi. Visiwa vya Bermuda, vyenye hewa ya bahari kama yetu, vimekuwa na mapaa ya mawe yaliyopakwa chokaa nyeupe kwa karne kadhaa, na watu wanakinga maji ya mvua kutoka humo. Kwenye bati chokaa haishiki. Mvua za kwanza zinaiosha, na ukali wake si rafiki wa zinki.

Wanaokinga maji ya mvua kwa matumizi ya nyumbani wana tahadhari yao: rangi iwe isiyo na risasi, ikauke kabisa, na mvua mbili tatu za mwanzo ziachwe ziende na maji yake.

Adui wa paa jeupe visiwani ni kuvu. Unyevu na kivuli cha mwembe vinaota weusi juu ya rangi, vumbi la barabara ya kifusi linaongezea, na ndani ya miaka miwili au mitatu paa lililokuwa likirudisha asilimia 80 ya jua linaweza kushuka hadi 60 au chini yake. Dawa yake ni brashi ndefu, maji na sabuni mara moja kwa mwaka. Wakati mzuri ni baada ya masika, kusi inapovuma na kukausha. Miezi hiyo hiyo ya Julai hadi Septemba ndiyo ya kupaka upya, ili kaskazi ya Desemba ilikute paa liko tayari. Kazi ifanywe asubuhi, fundi akanyage kwenye papi na afungwe kamba. Mtu anayeanguka kutoka juu ya bati lenye maji ya sabuni hakupata faida yoyote ya kupoza nyumba.

Na dari isiachwe. Hata ya plaiwudi nyembamba inakata mnururisho. Ikiwa fedha inatosha kwa kimoja tu, ningeanza na paa, kwa kuwa linazuia joto kabla halijaingia. Chumba cha mgonjwa au cha mama aliyejifungua kiwe cha kwanza kupata dari zamu yake ikifika.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, na wengi wao ni watoto na vijana. Hao wanakaa saa nyingi chini ya mapaa ambayo si ya wazazi wao: madarasa ya skuli, vyuo vya Kurani vya alasiri, vituo vya afya. Mkondo wa mchana unaingia darasani saa ile ile bati linapokuwa limefikia kilele cha moto, wanafunzi wamebanana, dari hakuna. Majengo hayo yanajengwa kwa zabuni, na zabuni ina ukurasa wa vifaa ambao unataja geji ya bati na aina ya mbao. Mstari mmoja wa kutaja rangi nyeupe unaweza kuingia hapo. Kwa madarasa yaliyokwisha kujengwa, kamati ya skuli inaweza kupaka paa la darasa moja na kuacha la jirani, kuning'iniza kipimajoto kila upande katika usawa wa kichwa cha mtoto aliyekaa, na kumpa mwanafunzi daftari la kuandika namba za saa nane mchana kwa mwezi mzima wa Februari. Daftari hilo lipelekwe kwenye kikao cha wazazi.